Darasa la kumi ulianguka, chuo bado kinakungoja

Chuo Kikuu cha Zambia hakimuulizi mwombaji alipata ngapi darasa la kumi, wala alikuwa wa ngapi muhula wa kwanza. Kinachotazamwa ni cheti cha Baraza la Mitihani, ambacho hupatikana kwa mtihani wa darasa la kumi na mbili. Naanza na hili kwa sababu wapo vijana Nchelenge na Kashikishi wanaoacha shule wakiamini mambo yameshaharibika, ilhali mtihani wenyewe unaohesabiwa haujafika. Marekani ingekuwa habari nyingine: huko vyuo vingi hupima alama za miaka yote minne ya sekondari, na mwaka mmoja mbaya humfuata mtoto mpaka kwenye fomu ya maombi.

Mwanzo mbaya wa huku kwetu mara nyingi si uvivu. Makazi ya wakimbizi ya Mantapala, hapa wilayani Nchelenge, yalifunguliwa Januari 2018 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia mapigano ya mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika. Mtoto aliyetoka Pweto, upande wa Kongo, alikuwa amezoea Kiswahili na Kifaransa darasani. Akifika Mantapala anakuta Kiingereza ubaoni na Kibemba uwanjani. Hata awe hodari wa hisabati, swali asiloelewa lugha yake atalikosa. Wenyeji nao wana mzigo wao. Malaria ya Nchelenge haina msimu wa kupumzika, na anayelazwa wiki mbili mara tatu kwa mwaka anarudi darasani na kukuta wenzake wamefika mbali. Kuna pia wavulana wanaokwenda kambi za uvuvi na kurudi muhula ukiwa nusu. Mzazi anayeona ripoti mbaya aulize kwanza mtoto alikosa siku ngapi, kisha ndipo aseme juu ya akili yake.

Sasa tuingie kwenye hesabu yenyewe. Alama za Zambia huenda kutoka 1 hadi 9, na ndogo ndiyo bora. 1 na 2 ni za juu kabisa, 3 na 4 ni nzuri, 5 na 6 ni krediti, 7 na 8 ni kufaulu tu, 9 ni kuanguka. Kwa shahada, Chuo Kikuu cha Zambia kinataka masomo matano yaliyofika angalau krediti, kisha hujumlisha alama za masomo hayo. Mwenye jumla ndogo yuko mbele katika foleni.

Chukua mfano wa msichana aliyepata Kiingereza 5, Kifaransa 3, elimu ya uraia 5, elimu ya dini 6, bayolojia 6, jiografia 7 na hisabati 8. Ana krediti tano, jumla pointi 25. Anaruhusiwa kuomba, lakini kozi za sayansi zimefungwa kwake kwa sababu ya ile 8 ya hisabati. Je, arudie mwaka mzima? Hapana. Mtihani wa GCE, unaofanywa katikati ya mwaka, unamruhusu mtahiniwa wa nje kurudia somo moja au mawili tu, na matokeo mapya huunganishwa na ya zamani. Akirudia hisabati akapata 5, na bayolojia akapata 4, masomo yake matano bora yanakuwa na pointi 22, na hisabati imo ndani. Masomo mawili tu yamebadilisha kozi anazoweza kuomba.

Katika mfano huo nimeweka Kifaransa kwa makusudi. Baraza la Mitihani la Zambia linatahini somo hilo, na kijana wa Kikongo anayelijua tangu utotoni anaweza kulifanya kama mtahiniwa wa nje hata kama shule yake hailifundishi. Kwangu mimi ni kosa kubwa kumwacha mtoto wa namna hiyo akeshe na jiografia inayomtesa huku akiwa na krediti mkononi. Aliyemaliza sekondari Kongo na ana cheti cha mtihani wa taifa wa kule, asianze upya: akipeleke kwa Mamlaka ya Sifa za Elimu ya Zambia, inayothibitisha na kulinganisha vyeti vya nje.

Kizuizi kikubwa ni pesa na kalenda. Tangu 2022 shule za serikali hazitozi ada, lakini mtahiniwa wa nje wa GCE hulipia kila somo. Usajili hufungwa miezi kadhaa kabla ya mtihani, na uvuvi wa Ziwa Mweru hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari. Ndiyo miezi ambayo familia ya mvuvi haina kitu. Pesa ya usajili itengwe Oktoba na Novemba, dagaa wa chisense wakiwa bado wanaanikwa.

Asiyefikia krediti tano asidharau ufundi. Mansa kuna chuo cha ufundi, na cheti cha fundi humpeleka mtu kwenye stashahada, na stashahada hufungulia shahada. Ufadhili wa ujuzi upo ndani ya mfuko wa maendeleo wa jimbo, ambao mwaka 2022 ulipandishwa kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo. Fomu hizo zinahitaji kufuatiliwa kwa miguu, tena mapema.

Mwaka 2025 Zambia ilianza mfumo mpya: msingi miaka sita, sekondari ya kawaida minne, ya juu miwili. Walioanza kidato cha kwanza mwaka huo watahesabiwa kwa mtihani wa kidato cha nne, basi nao wana miaka ya kujirekebisha.

Ewe uliyeanza vibaya, andika leo masomo yako yote na alama zake, weka duara kwenye kila somo lililo 7, 8 au 9, kisha nenda kwa mkuu wa shule iliyo karibu au ofisi ya elimu ya wilaya ukaulize tarehe ya kufungwa kwa usajili wa GCE.