Ajuza wa Miaka 16

Mpwa wangu ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya kutwa huko Nyamira, na kwa miaka mitatu amekuwa akinisihi, "Mjomba, njoo uwasikie watoto wangu." Nami kila mara nilikuwa na udhuru. Mara arusi, mara hitima, mara goti. Kusema kweli udhuru wenyewe ulikuwa mwingine. Mimi ni mtu wa chuo na maulidi. Michezo ya kuigiza ya shule sikuipenda, na nilikuwa na sababu ya kutotaka kuitazama ambayo nitaieleza mbele kidogo, wasomaji waniwie radhi.

Hatimaye nilikwenda, mwaka 2025, wiki moja kabla ya Ramadhani. Treni mpaka Nairobi, kisha basi kupitia Narok, Bomet na Sotik mpaka Keroka, soko lililokaa mpakani, huku Kisii, huku Nyamira. Zamani yote ilikuwa wilaya moja ya Kisii. Nyamira ikakatwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu 2013 kila moja ni kaunti yake, lakini watu ni wamoja na lugha yao, Ekegusii, ni moja. Mtu wa pwani akifika huko jambo la kwanza ni kutafuta koti. Vilima vimejaa migomba na chai, nyumba ni nyingi ajabu, na baina ya nyumba na nyumba ni shamba dogo ambalo mwenyewe anajua mpaka wake kwa hatua. Hilo la mpaka wa shamba lishikeni, tutalirudia.

Nilifika wakati wa mazoezi, saa kumi alasiri, katika darasa ambalo madawati yamesukumwa ukutani. Nilicheka kabla sijaketi. Kijana mmoja alikuwa analia mbele ya mwanamke akimwita "baba, baba". Mpwa wangu akamsimamisha. Kumbe kwa Ekegusii baba ndiye mama, na baba mzazi huitwa tata. Mtoto akishikwa na uchungu wa kweli lugha ya nyumbani humtoka yenyewe. Na sauti ya L huwapa taabu, kwa kuwa lugha yao haina. Lakini nawaambia, Kiswahili nilichokisikia alasiri ile kilikuwa na nahau na heshima ambazo nyumba nyingi za Mombasa siku hizi zimezitupa jaani.

Kwa wasiojua: mashindano ya kitaifa ya michezo ya kuigiza ya shule za Kenya yalianza mwaka 1959. Shule huanza chini, ikishinda hupanda kaunti, kisha jimbo, ambako Kisii na Nyamira hupimana na Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Kisha taifa, mwezi wa Aprili. Na anayedhani mchezo wa shule ni kitu cha kitoto, nimkumbushe kwamba tamthilia za Kiswahili zilizochapishwa mwanzo nchini Kenya zilitoka shuleni. "Nakupenda, Lakini..." ya Henry Kuria ilichapishwa mwaka 1957, na "Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi" ya Gerishon Ngugi mwaka 1961, na wote wawili walikuwa vijana wa Alliance High School, huko Kikuyu, bara. Sisi wenye lugha tulikuwa wapi? Ebrahim Hussein, mwana wa pwani ya kusini ya Tanzania, alikuja na "Kinjeketile" mwaka 1969, na Alamin Mazrui wa hapa kwetu Mombasa na "Kilio cha Haki" mwaka 1981. Tulifika, alhamdulillahi, ila tulifika nyuma.

Turudi darasani. Mchezo waliutunga wenyewe, mwalimu na wanafunzi. Mtoto amekufa kijijini kwa ugonjwa usiojulikana. Jirani mmoja anasema kuna mtu amefanya. Mwingine anasema anamjua. Kabla jua kuchwa kundi zima limeelekea kwa ajuza mjane anayeishi peke yake kando ya mto, mwenye kipande cha chai ambacho, kama ujuavyo, kina mpaka. Mjukuu wake anatakiwa amtaje kwa kidole.

Hii si hadithi waliyoitoa hewani. Mei 2008 watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, walichomwa moto katika vijiji vya Ugusii kwa kudaiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021 wanawake 4 wakauawa kwa dai hilohilo huko Marani, Kisii. Baadhi ya watoto niliowaona darasani walikuwa hawajazaliwa katika lile la kwanza, na katika lile la pili walikuwa shule ya msingi, wakisikia wakubwa wakinong'ona. Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu 1925. Nayo haijamsaidia kikongwe aliyezungukwa na watu usiku. Wala sisi wa pwani tusijitape. Kilifi wazee wangapi wameuawa kwa mvi zao tu? Pale Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliokimbia watoto wao wa kuwazaa.

Ajuza wa mchezo ni msichana wa miaka 16, wa kidato cha tatu. Sitamtaja jina. Alivaa gauni refu, shuka mabegani na kitambaa kichwani, kama wavaavyo vikongwe wa huko, na akaketi juu ya kigoda cha miguu mitatu katikati ya darasa. Nilingoja aseme. Hakusema. Watu ishirini walimzunguka wakipiga kelele, kila mmoja na ushahidi wake: huyu ng'ombe wake alikufa, yule mkewe hakushika mimba, yule aliota ndoto. Msichana alikuwa akimtazama kila anayesema, mmoja mmoja, taratibu, kama anayehesabu. Katika mchezo mzima ana maneno machache tu, na mengi yake ni ya kuuliza kama mjukuu wake amekula.

Baadaye nilimwuliza mpwa wangu kwa nini msichana mwenye uso kama ule asipewe maneno mengi. Akacheka. "Mjomba, huyu ndiye bingwa wa maneno shuleni. Hakuna mwalimu ambaye hajamtoa nje kwa kelele. Nilimpa kigoda kwa sababu hiyo."

Mimi siku zote nimeambiwa kwamba michezo humfungua mtoto mdomo. Wakuu wa shule husema hivyo siku ya kugawa zawadi: mtoto alikuwa na haya, sasa ni jasiri. Yawezekana. Lakini ujasiri wa kusema tu hata mnadi wa samaki anao. Huyu alifungwa mdomo, na nilitaka kujua kilichompata.

Nilimwita kwa idhini ya mwalimu, tukaketi barazani mwa darasa pamoja na wenziwe wawili. Akaniamkia kwa adabu, "Shikamoo, mzee," kisha maneno yakafunguka kama mfereji. Alisema mwanzo aliona ameonewa. Siku za kwanza alikuwa akiwajibu, kundi likimshtaki naye anawashtaki, mpaka mwalimu akamwambia: huyo mama haulizwi, kwa hiyo hajibu. Akanyamaza kwa hasira. Wiki ya pili hasira ikaisha, akabaki amekaa tu. Wiki ya tatu akaanza kuwasikia.

"Ukiwa unangoja zamu yako ya kusema husikii mtu," aliniambia. "Mimi sina zamu. Kwa hiyo nikajua nani anapiga kelele kwa sababu anachukia, na nani anapiga kelele kwa sababu anaogopa asiposema atatajwa yeye."

Nimekaa na mashehe na mahakimu, na neno kama lile sijalisikia mara nyingi.

Kijana anayeongoza kundi, mwenye sauti nzito nzuri ambayo ningeitamani kwa kaswida, alikuwa kimya muda wote. Nilipomgeukia alisema aliomba abadilishiwe nafasi, mwalimu akakataa. Kwa nini aliomba? Kwa kuwa sasa akienda kwa nyanyake jioni kumpelekea maji anaona haya kumtazama. Hajamfanya lolote, alisema, ila anajua ni rahisi kiasi gani. Aliposema hivyo alitazama viatu vyake, nami sikumwuliza zaidi.

Msichana akaongeza jambo ambalo hakuombwa. Njiani kwao kuna bikizee ambaye watoto hawamwamkii. Hakuna aliyewakataza kwa maneno. Ni jambo linalojulikana tu. Tangu mazoezi yaanze yeye humwamkia kila asubuhi. Mamake alipopata habari alimkanya, si kwa ubaya, kwa hofu: siku watu watakapomjia yule bibi, watauliza pia ni nani aliyekuwa rafiki yake. Msichana anamwamkia hivyo hivyo. Aliniuliza kama anakosea.

Wasomaji, nilikuwa na mvi, tasbihi mfukoni na vitabu viwili vya mashairi, nami sikuwa na jawabu. Nilimwambia salamu ni haki ya mtu. Nilimwambia pia amsikilize mamake. Ni majibu mawili yasiyokaa katika nyumba moja, na aliyajua hivyo, maana alitabasamu.

Sasa niieleze ile sababu yangu. Mwaka 2009 binti yangu alikuwa kidato cha pili hapa Mombasa. Mwalimu wake, mwanamke wa heshima zake, alikuja nyumbani kuomba ruhusa: mtoto amechaguliwa acheze hakimu katika mchezo wa shule. Angevaa joho, kichwa kimefunikwa, hakuna kuguswa na mtu. Nilimjibu mwalimu kwa adabu. Binti yangu nilimjibu bila adabu. Nilimwambia mtoto wa kike wa nyumba yetu hasimami mbele za watu akapaza sauti, na kama anataka kuhukumu basi aanze kuhukumu vyombo jikoni. Akasema, "Sawa, baba." Hakulia. Tangu siku ile mpaka anamaliza shule hakuniomba ruhusa ya jambo lolote, nami nikajisifu barazani kwamba ametulia.

Na mimi je? Nilikuwa na miaka minane maalim aliponiinua katika msikiti uliojaa watu, usiku wa maulidi, nisome fungu la Barzanji peke yangu. Magoti yaligongana. Maalim aliweka mkono begani mwangu, sauti ikatoka, na kila nilichofanya baadaye, kusoma mashairi mbele ya watu, kusema redioni, kuandika nikajua nitasomwa, kilianzia chini ya mkono ule. Mimi nilipewa jukwaa langu. Lilikuwa na jina jingine tu.

Najua yatakayosemwa. Kuna masheikh wanaoona kuigiza ni namna ya uongo, na wengine wanaotazama makusudio. Mimi si mufti wala sitavaa kilemba kisicho changu. Mavazi na kuchanganyika ni mambo ya kuangaliwa, na mwalimu mwenye busara huyaangalia. Lakini wazee wetu waliotuhadithia usiku walimwigiza fisi, wakamwigiza sultani, na hatukuondoka pale tukiamini fisi anasema.

Ila, inayostahili lawama ipo. Baadhi ya shule hununua mchezo kwa mtungaji wa kulipwa, watoto wakakariri kama kasuku wasiyoyaelewa, mradi kombe lije. Mtoto wa hivyo hapati alichokipata yule wa kigoda. Na wakubwa nao wana mkono wao. Mwaka 2013 mchezo wa Butere Girls, "Shackles of Doom", ulipigwa marufuku mpaka Mahakama Kuu ikaamuru uchezwe. Aprili 2025, huko Nakuru, shule hiyohiyo ilikuja na "Echoes of War". Mahakama ilikwisha kuamuru waruhusiwe, lakini mtungaji wake, Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega, alikamatwa, mabomu ya machozi yakarushwa, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuucheza. Nilipoisoma habari ile nilimkumbuka msichana wangu wa Nyamira. Kwani na wale hawakuwa wamezungukwa?

Mchezo wa mpwa wangu haukufika mbali hivyo. Uliishia kaunti. Aliniandikia kwamba waamuzi waliusifu, wakasema tu mhusika mkuu hana maneno ya kutosha.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Usiku wa mwisho kabla ya safari yangu ya kurudi, nikiwa chumba cha wageni hapo Keroka na blanketi mbili, nilimpigia simu binti yangu. Siku hizi ni muuguzi, yuko Kwale, ana watoto wawili. Nilimhadithia yote: kigoda, kelele, bikizee wa njiani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja.

"Babake alimruhusu?"

Nikamwambia kigoda kile kilikuwa cha kwao. Babake ndiye aliyekileta shuleni, amekifunga kwa kamba nyuma ya pikipiki.

Kwa muda sikusikia kitu. Nilidhani simu imekatika, nikaita jina lake.

"Nipo, baba," akasema.