Hofu ya Takwimu kwa Vijana wa Vyuo Vikuu

Kijana ameingia Chuo Kikuu kusoma elimu ya nafsi, au siasa, au maisha ya jamii. Nyumbani wazee wamefurahi. Yeye naye ana furaha yake ya siri, kwamba amekwisha agana na hesabu. Mara atazama ratiba, aona somo la Takwimu, tena la lazima. Usingizi ukamruka.

Wazazi wengine husema huo ni uvivu. Sisi hatukubali. Mwaka 1985 wataalamu watatu, Cruise, Cash na Bolton, walitunga kipimo cha hofu hii chenye maswali 51, yaliyogawanywa mafungu sita. Kwamba mtihani umo hatukustaajabu. Lililotushika ni kwamba fungu moja ni hofu ya kuomba msaada, na jingine ni hofu ya mwalimu mwenyewe. Basi si tarakimu peke yake inayomtisha kijana. Aogopa pia kuonekana hajui.

Na hofu hiyo ina kazi yake akilini. Ashcraft na Kirk, katika uchunguzi wao wa mwaka 2001 juu ya woga wa hesabu, walionyesha kwamba wasiwasi hula nafasi ile ambamo mtu hushika tarakimu huku akizitumia. Ndiyo maana aliyeijua kanuni jana usiku, leo mbele ya karatasi haioni. Kisha huahirisha kusoma, na kuahirisha kukamwongezea hofu.

Wala somo lenyewe haliepukiki. Asemaye kuwa watu wa mtaa fulani ni maskini hana budi aeleze ni wangapi, na amewahesabuje. Kujumlisha siku hizi hufanywa na kompyuta; mwanafunzi hutakiwa afahamu jumla hiyo yasema nini, na yanyamazia nini.

Twashangaa zaidi tusikiapo katika nyumba za Kiislamu neno hili: “Hesabu si yetu sisi.” Nani basi amekuwa akigawa mirathi? Mume akifa akaacha mke, mwana mmoja wa kiume na binti mmoja, wala hana mrithi mwingine, mke hupata thumni. Kilichosalia hugawanywa, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Ifanye mali mafungu 24: mke 3, mwana 14, binti 7. Al-Khwarizmi wa Baghdad, alipoandika kitabu chake cha aljebra katika karne ya 9, sehemu kubwa aliiweka kwa masuala ya wasia na mirathi. Mabibi zetu wengi waliijua hesabu hii bila kushika kalamu, na aliyetaka kuwapunja aliona cha mtema kuni.

Ama haya ya kuuliza, Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Walimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, mambo ambayo wengi wetu tungeyameza. Itakuwaje basi binti yetu aone aibu kumwuliza mwalimu maana ya wastani?

Arudipo likizoni, asihojiwe alama zake mbele ya wageni. Aulizwe amemwuliza mwalimu nini. Akijibu kuwa hakuuliza kitu, na amweleze mdogo wake somo hilo hapo barazani. Atakapokwama, ndipo penye swali la kurudi nalo chuoni.