Tuchore kwanza, programu baadaye

Wengi wetu tunaojifunza kutengeneza programu za kompyuta hukimbilia kuandika kabla ya kuielewa kazi yenyewe. Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson waliunganisha mbinu zao, ikazaliwa UML, lugha ya michoro iliyopitishwa na shirika la OMG mwaka 1997.

Tuchukue mfano wa maktaba. Kwanza tunachora watumiaji na mahitaji yao: kuazima, kurudisha. Kisha tunachora vitu vyenyewe: kitabu, nakala, mwanachama. Hapo ndipo tunapogundua kwamba kinachoazimwa ni nakala, kwani kitabu kimoja chaweza kuwa na nakala 10. Kosa hilo likiwa karatasini hufutwa kwa raba. Likishaingia kwenye programu, hutulazimu kubomoa na kujenga upya.