Blues ni muziki gani? Safari yake kutoka mashamba ya pamba hadi jangwa la Sahara, na nyimbo za kuanzia

Kama uliitazama filamu ya Sinners iliyotoka mwaka 2025, basi blues umeshaisikia. Filamu hiyo ya wanyonya damu, iliyoongozwa na Ryan Coogler, inatokea mwaka 1932 katika mji wa Clarksdale, jimbo la Mississippi, Marekani. Mji huo upo kweli, na muziki ule ulipigwa kweli.

Ila blues si muziki wa kwenye makumbusho. Unapigwa hadi leo, na baadhi ya wanaoupiga vizuri zaidi wako Afrika. Wengine wamelazimika kukimbia makwao kwa sababu ya gitaa.

Blues ilianzaje?

Ilizaliwa kusini mwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19, miongoni mwa Waafrika Wamarekani. Utumwa ulikuwa umefutwa, lakini wengi walibaki wakilima pamba kwenye mashamba ya watu na kuishi kwa madeni. Nyimbo za kazini, nyimbo za kanisani na sauti za kuitana shambani zikachanganyika na gitaa.

Asiyekuwa na pesa ya gitaa alijitengenezea lake. Watoto wengi wa Mississippi walianza kwa kupigilia waya kwenye ukuta wa nyumba, kisha wakauchezea kwa chupa.

Mwaka 1920 mwimbaji Mamie Smith alirekodi Crazy Blues. Sahani hiyo iliuzwa kwa wingi, na kampuni zikagundua kwamba watu weusi nao wananunua muziki. Baada yake wakafuata Bessie Smith na wengine wengi.

Utaitambuaje?

Sikiliza maneno kwanza. Mara nyingi mwimbaji huimba mstari mmoja, akaurudia, halafu mstari wa tatu ukaja kama jibu. Mzunguko mzima huwa na vipande 12, kila kimoja kikiwa na mapigo manne, kisha unaanza upya.

Halafu sikiliza gitaa. Mwimbaji akinyamaza, gitaa linamjibu, kama kiongozi na waitikiaji. Baadhi ya noti hupindwa kidogo, hazikai pale piano inapoziweka. Hapo ndipo penye ule uchungu unaousikia hata kama lugha huielewi.

Watatu wa zamani wa kuanza nao

Robert Johnson. Alifariki mwaka 1938 akiwa na miaka 27. Aliacha nyimbo 29 tu, zote alizirekodi Texas mwaka 1936 na 1937. Ni mtu mmoja na gitaa moja, lakini utadhani wapo wawili.

Muddy Waters. Alikuwa mfanyakazi wa shambani Mississippi aliporekodiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1941 na mtafiti Alan Lomax. Kusikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye mashine kulimpa moyo, na mwaka 1943 akahamia Chicago. Baa za huko zilikuwa na kelele, gitaa la kawaida halisikiki, ndipo akashika la umeme. Kundi la Rolling Stones la Uingereza lilipata jina lake kwenye wimbo wake.

Big Mama Thornton. Hound Dog inajulikana sana kwa sauti ya Elvis Presley, lakini mama huyu ndiye aliyeirekodi kwanza, mwaka 1952. Elvis aliifuata mwaka 1956 na kuvuna umaarufu. Thornton alisema yeye aliambulia takriban dola 500. Sikiliza zote mbili, kisha amua mwenyewe.

B.B. King akafika Kinshasa

Septemba 1974, Kinshasa ilikuwa ikisubiri pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi Oktoba 30. Tamasha la muziki lililoandaliwa kwenda nalo halikusubiri. B.B. King alipanda jukwaani na gitaa lake aliloliita Lucille, na onyesho hilo lilirekodiwa. Ni moja ya rekodi rahisi kuzipenda kwa anayeanza.

Mali: hapa blues inapokutana na nyumbani

Ali Farka Touré wa Niafunké, mji ulio kando ya mto Niger, aliposikia rekodi za John Lee Hooker alihisi anasikia muziki wa kwao. Watu wengi waliopelekwa utumwani Marekani walitoka Afrika Magharibi, na wanamuziki wengi wa Mali wanaiona blues kama mtoto aliyerudi nyumbani. Albamu ya Touré na Mmarekani Ry Cooder, Talking Timbuktu ya mwaka 1994, ilishinda Grammy. Touré alifariki mwaka 2006. Mwanawe, Vieux Farka Touré, anaendeleza kazi.

Kaskazini zaidi wapo Tinariwen, Watuareg walioanza kupiga pamoja uhamishoni Algeria mwaka 1979. Kiongozi wao, Ibrahim Ag Alhabib, alitengeneza gitaa lake la kwanza kwa kopo, fimbo na waya wa breki za baiskeli. Ni ujanja uleule wa watoto wa Mississippi.

Mwaka 2012 mambo yakaharibika. Makundi yenye silaha yaliteka kaskazini mwa Mali na kupiga marufuku muziki. Vyombo vilichomwa moto, redio zikanyamazishwa. Mwimbaji maarufu wa Timbuktu, Khaira Arby, alikimbilia Bamako. Mwanamuziki wa Tinariwen, Abdallah Ag Lamida, alikamatwa mapema mwaka 2013 akijaribu kuokoa magitaa yake. Baadaye aliachiwa.

Vijana waliokimbia kaskazini wakakutana Bamako na kuunda Songhoy Blues. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 2015, waliiita Music in Exile, yaani muziki wa uhamishoni.

Simu ilivyosaidia

Mdou Moctar wa Niger naye alijitengenezea gitaa kwa waya za breki za baiskeli. Nyimbo zake za mwanzo hazikusambaa kwa redio wala maduka. Watu walirushiana kwa bluetooth na kadi za kumbukumbu za simu, mji hadi mji, kuvuka Sahara. Ukimaliza naye, mtafute Bombino, wa Niger vilevile.

Huko Clarksdale kwenyewe, kijana Christone "Kingfish" Ingram, aliyezaliwa mwaka 1999, alishinda Grammy mwaka 2022 kwa albamu ya 662. Namba hiyo ni kodi ya simu ya kwao. India nayo ina Soulmate, kundi la mji wa Shillong.

Anza hivi

Usipakue albamu 20 kwa siku moja, bando litaisha na utachoka. Chagua wimbo mmoja wa zamani na mmoja mpya, usikilize kila mmoja mara tatu. Mara ya kwanza sikiliza sauti, ya pili gitaa, ya tatu maneno.

Jozi nzuri ni hizi: Robert Johnson na Kingfish, John Lee Hooker na Ali Farka Touré, Muddy Waters na Songhoy Blues.

Ukimpenda msanii, tafuta nani alimfundisha au alimsikiliza nani alipokuwa mdogo. Jina moja litakupeleka kwa lingine. Tumia spika za masikioni ukiweza, kwa sababu rekodi za miaka ya 1930 zina mikwaruzo na spika ya simu huimeza nusu ya gitaa.