Ukienda Mwamgongo, Angalia Mwezi Kwanza

Likizo ndefu ikikaribia, hosteli swali huwa ni lile lile: "Wewe wa Kigoma, tuje lini kwenu tukatembee?" Zamani nilikuwa najibu haraka haraka: njooni Septemba, kiangazi, mvua hakuna. Siku hizi nauliza kwanza mnataka kuona nini. Kama ni taa za wavuvi, basi wekeni pembeni kalenda ya chuo, mwangalie mwezi. Jambo hili nililijua tangu mtoto, nikalisahau, na wenzangu wanne wakalilipia kwa hela ya boom.

Mimi ni wa Mwamgongo, kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Gombe kwa upande wa kaskazini. Mbele ziwa, nyuma milima, na sisi tumejibana hapo katikati. Usafiri wetu wa kawaida ni boti za abiria za Kibirizi, mwalo ulio karibu na mji wa Kigoma. Asubuhi boti zinatoka vijijini na watu na mizigo ya sokoni, mchana zinarudi. Kwa hiyo mgeni akiwahi Kibirizi alfajiri ajue atakaa sana juu ya magunia. Na Jumapili usiitegemee.

Mwaka 2024 niliwaalika washkaji wanne. Walikuja kwa treni kutoka Dar, safari ya zaidi ya kilometa 1,200, wakafika wamechoka lakini wana hamu. Jumatatu, Septemba 16, ilikuwa sikukuu ya Maulid, tukaenda Ujiji. Tuliona makumbusho yaliyojengwa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Mmoja wetu, mtoto wa Tanga, alishangaa zaidi mtaani: kanzu, misikiti, Kiswahili chenye harufu ya pwani, na bahari haipo! Nikamweleza kwamba Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo. Njia ile ilibeba pembe za ndovu, ikabeba na watumwa, na waliopita humo waliacha dini na lugha.

Jumanne tukapanda boti. Saa tatu na zaidi majini, mbuzi mmoja miguuni, jua kali. Njia nzima nilikuwa nawapa maneno matamu: "Usiku mtaona jiji. Taa zimejipanga ziwani, mtadhani mko Posta." Tulifika, wakamwamkia mzee wangu, tukala ugali wa muhogo na dagaa wa mawese, tukashuka ufukweni kusubiri jiji.

Jiji halikuja. Mwezi ulipanda juu ya milima, mkubwa, mweupe, ziwa likang'aa kama sinia. Mitumbwi yote ilikuwa imelala mchangani.

"Taa ziko wapi?" mshkaji akauliza.

Mzee alicheka mpaka akashika ubavu. "Mwanangu, umewaita wageni mbalamwezi? Chuo wanawafundisha nini?"

Niliona aibu, kwa kweli. Wale walichangishana nauli miezi miwili, na mimi niliyezaliwa hapo ndiye niliyewapoteza.

Sasa ngoja nieleze. Mchana dagaa wanakaa chini kwenye maji ya kina, usiku wanapanda juu. Mvuvi anawasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Mwanga unawavuta dagaa pamoja na vijidudu wanaowala, na migebuka nao wanafuata dagaa. Wakishakusanyika, wavu unainuliwa. Lakini mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima lina mwanga. Dagaa hana sababu ya kuifuata taa yako. Basi wavuvi wanapumzika siku kadhaa, wanashona nyavu, wanatengeneza injini. Giza likirudi, nao wanarudi majini.

Na kilichoniuma zaidi ni hiki: jibu nilikuwa nalo mkononi. Maulid huwa tarehe 12 ya Mfungo Sita, na miezi ya Kiislamu inahesabiwa kwa mwandamo. Tarehe 12 maana yake mwezi unakaribia kupevuka. Sikukuu tuliyoisherehekea Ujiji ilikuwa inatuambia waziwazi kwamba kesho yake hakuna taa.

Kwa hiyo, wewe unayepanga safari, hesabu hivi. Siku chache kabla na baada ya mwezi kuandama, njoo uone taa. Tarehe 13 mpaka 15 za mwezi wa Kiislamu, njoo upige stori na wavuvi, maana ndipo wako nyumbani. Uliza pia kama ziwa limefunguliwa. Mwaka huo huo wa 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Na kama shida yako ni kuiona milima ya Kongo ng'ambo, Septemba itakuangusha, kwa sababu moshi na vumbi la kiangazi vinaificha. Kwetu hakuna vuli na masika mbalimbali kama pwani. Mvua ni msimu mmoja, na zile za kwanza ndizo zinazosafisha hewa.

Gombe nayo usiiruke. Ni ndogo, kilometa za mraba 52, lakini sokwe wake wamefuatiliwa tangu Jane Goodall alipofika Julai 1960, na ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, chini sana kuliko mgeni wa nje, basi beba kitambulisho. Ukiwa na mafua, usiende. Magonjwa yetu yanawaambukiza sokwe, na ndiyo maana mnakaa nao mbali kidogo. Kwenye boti, jaketi okozi lisiwe mto wa kukalia. Livae. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, na upepo wa kiangazi hautoi taarifa.

Wenzangu watatu waliondoka wiki ile ile, mmoja akiwahi sapu. Yule wa Tanga alibaki. Septemba 30, siku chache kabla ya mwezi kuandama, nilimwamsha usiku tukashuka ufukweni. Giza totoro, na ziwani taa moja, kumi, halafu ukashindwa kuhesabu. Alikaa kimya muda mrefu.

"Wale watatu tuwaambie nini?" akauliza.

Tuliwapigia simu. Tukawaambia warudi, na safari hii tarehe akaipanga mzee.