Mgongo uliopinda ukubwani: upasuaji unaamuliwa na nini?

Mgonjwa mwenye mgongo uliopinda huanza na swali moja: "Daktari, ni nyuzi ngapi?" Ana haki ya kuuliza. Tangu 1948, daktari wa Marekani John Cobb alipoeleza namna ya kupima mpindo kwenye picha ya eksirei, madaktari kote wamefuata njia yake, na mpindo wa pembeni unaozidi nyuzi 10 ndio unaoitwa skoliosisi. Kwa mtoto anayekua, namba hiyo ina uzito mkubwa katika uamuzi. Kwa mtu wa miaka 60 haitoshi. Ukubwani tunapima mambo mawili: mpindo umeshamnyima mgonjwa nini, na upasuaji wenyewe utamnyima nini.

Wako waliopinda tangu ujanani, mara nyingi bila sababu kujulikana. Mpindo ulio chini ya nyuzi 30 mifupa inapokomaa kwa kawaida hutulia, lakini ule wa kifuani uliopita nyuzi 50 unaweza kuongezeka kwa takriban uzi mmoja kila mwaka. Wengine mgongo wao ulikuwa sawa hadi walipovuka miaka 50, ndipo diski na viungo vidogo vya kiunoni vikachakaa upande mmoja kuliko mwingine. Hawa fundi cherehani huwagundua kabla ya daktari: gauni limekatwa sawasawa, lakini likivaliwa pindo linapanda upande mmoja.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo la kuhakikisha kwanza. Kibiongo kilichojitokeza ndani ya miezi michache, kikiandamana na homa, jasho la usiku na kukonda, kinaweza kuwa kifua kikuu cha mgongo. Tiba yake ni dawa za TB, na wengi hupona bila kufanyiwa upasuaji.

Kinachowafikisha watu wazima kwa daktari wa upasuaji mara nyingi ni miguu. Pingili zikichakaa, mifupa huota pembeni na kubana mishipa ya fahamu. Mama anatoka nyumbani kwenda sokoni, na kabla hajafika miguu inakuwa mizito na kuingia ganzi. Akikaa au akiinama mbele kidogo, inapata nafuu. Mgonjwa wa namna hii, kama pingili zake hazichezi, huenda akahitaji kupanuliwa njia ya mishipa tu, bila kunyooshwa mgongo mzima. Tofauti ya operesheni hizo mbili ni kubwa mno, na mgonjwa anapaswa kujua anapendekezewa ipi.

Jambo jingine ni mwili kuinama mbele bila mgonjwa kutaka. Picha nzuri ya eksirei hupigwa mgonjwa akiwa amesimama, kuanzia kichwani hadi kwenye nyonga, kwa mbele na kwa ubavuni. Ile ya ubavuni mara nyingi hueleza mateso ya mgonjwa kuliko ile ya mbele. Somo hili lilipatikana kwa gharama. Vyuma alivyobuni Paul Harrington wa Houston katikati ya karne iliyopita vilinyoosha mpindo wa pembeni, lakini viliposhuka hadi kiunoni viliondoa bonde la asili la kiuno. Miaka mingi baadaye, baadhi ya waliowekewa walishindwa kusimama wima. Leo daktari anayenyoosha mgongo, yaani anayefunga pingili kwa skrubu na vyuma ili ziungane, hulenga kwanza kulirudisha bonde hilo.

Je, upasuaji unasaidia? Utafiti wa Marekani uliotolewa 2019, uliowahusu watu wa miaka 40 hadi 80 wenye mpindo wa kiunoni, uliwafuatilia kwa miaka miwili. Waliofanyiwa upasuaji walipata nafuu kubwa zaidi. Wasiofanyiwa, kwa jumla, walibaki walivyokuwa: hawakupona, wala hawakuzidiwa. Kwa hiyo asiye na dalili za hatari hana sababu ya kukimbizwa.

Muda wa kusubiri una kazi. Skrubu ikikazwa kwenye mfupa uliopungua uimara ni kama msumari kwenye mbao iliyoliwa na mchwa, kwa hiyo pima uimara wa mifupa na uitibu kwanza. Acha sigara, kwa sababu huzuia pingili kuungana. Dhibiti sukari, fanya mazoezi na mtaalamu wa fiziotherapia. Operesheni kubwa huchukua saa nyingi chini ya nusu kaputi, na mifupa huhitaji miezi sita hadi mwaka kuungana. Maambukizi, damu kuganda, mshipa kuumia, chuma kukatika: hayo si mambo ya nadra katika umri huu, na baadhi ya wagonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji. Bajeti ya familia ilijue hilo.

Halafu kuna hasara ya uhakika, hata operesheni ikifanikiwa. Pingili zikifungwa hadi kwenye nyonga, kiuno hakikunjiki tena. Jaribu nyumbani: nyoosha mgongo, inama kutoka kwenye nyonga tu, kisha vaa soksi. Chuchumaa chooni ujisafishe. Sujudu. Fagia kwa ufagio mfupi. Mtu anayetumia choo cha shimo na kuketi mkekani atalipa bei tofauti na mwenye choo cha kukalia, hata kama nyuzi zao zinalingana.

Mizani hii haimhusu mwenye dalili za hatari. Mguu unaozidi kulegea, ganzi sehemu za siri, mkojo au choo kukutoka bila kujijua au mkojo kugoma: nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Wengine wote, kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, mwulizeni daktari anafunga kutoka pingili ipi hadi ipi, na kwa nini asiishie pafupi zaidi. Asipokuwa na jibu linaloeleweka, tafuteni maoni ya daktari bingwa mwingine.