Michezo ya Video Nyuma ya Kufuli

Neno maktaba limepata kazi ya pili. Wataalamu wa kompyuta hulitumia kutaja fungu la amri zilizokwisha kuandikwa, ambazo programu nyingine huziazima. Zipo maktaba za aina hii zinazofungua, tena kwa kasi, data za michezo ya video.

Data hizo hubanwa kwanza, ndipo zikasimbwa kwa siri. Utaratibu haupinduliwi, kwani kubana hutegemea marudio, nao usimbaji huyaficha. Mwaka 1977 Abraham Lempel na Jacob Ziv walionyesha kwamba mfuatano uliokwisha kutokea hauhitaji kuandikwa upya; yatosha kutaja ulipo na urefu wake. Msemaji wa Kiswahili asishangae: katika “kitabu kile kikubwa kimepotea”, ki- yajirudia mara nne. Afunguaye huanza na siri, kisha huzikunjua data.

Lakini nani aruhusiwe kufungua? Utafiti wa Video Game History Foundation wa 2023 ulibaini kuwa asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya 2010 haikuwa ikiuzwa tena. Sheria ya nchi hiyo ya 1998 yakataza kuvunja kufuli za kidijitali, ila kwa vibali maalumu. Mwaka 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya huko ilikataa kuziruhusu maktaba, hizi zetu za kale, kuwafungulia watafiti michezo hiyo wakiwa mbali. Kwa maoni yangu, uamuzi huo ni wa kibahili. Mtafiti aliyeko Nairobi sharti apande ndege.